Kamusi Niliyoificha Ndani ya Unga

Elisabethville, alasiri, siku moja kabla hujaondoka

Mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa nywele kwa jirani, na kichwa chako nakijua, kitachukua saa tatu maana hutulii. Basi nina saa tatu. Nimefunga mlango, nimetundika kitambaa dirishani, nimekaa kwenye kiti cha baba yako, kile chenye mguu mmoja mfupi. Nakuandikia kwa Kiswahili cha masista walionifundisha miaka minne, kwa sababu kile tunachosema nyumbani hakuna mtu aliyenionyesha namna ya kukiandika. Kikiniponyoka humu, usicheke. Au cheka, lakini chini chini.

Sitaandika jina la mtu yeyote. Hata lako sitaliandika. Mtu mmoja nitamwita Bwana Kalamu, mwingine Mama Kopo, na wewe utawajua wote wawili. Mambo ya sabuni, ya nguo za kubadili, ya kumsalimu mama mukubwa, dada yangu, kwa heshima ukifika kwake ng'ambo ya mpaka, nimekwisha kukuambia mpaka umechoka. Kuna jambo lingine. Nimelizunguka tangu asubuhi, nimefagia uwanja mara mbili ili nisilifikie.

Nianze na kamusi.

Ile kamusi yako ndogo ya Kifaransa, ya jalada jekundu, uliyopewa shuleni kwa kuwa wa kwanza. Umeitafuta wiki tatu. Umeinua kitanda, umewashuku watoto wa avenyu nzima, mmoja mkapigana. Nami nilikusaidia kutafuta. Nilipiga magoti pamoja na wewe nikamulika chini ya kabati, na wakati wote huo nilijua iko wapi. Iko ndani ya pipa la unga, chini kabisa, imefungwa kwa kipande cha kitenge changu cha zamani. Mimi ndiye niliyeificha. Kwa nini, nitakuambia, ila niache nifike polepole.

Unaikumbuka mashine ya baba yako. Kwenye ile kampuni ya mizigo yeye hakubeba mizigo, alikaa katika chumba chenye feni akiilisha mashine kadi. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi yake, na kila kadi ilikuwa na matundu: tundu la mwaka aliozaliwa, tundu la kazi, tundu la watoto, tundu la nyumba anayokaa. Unaweka rundo, unaiambia mashine nataka wenye watoto sita, nayo inawatema kando. Mkubwa wake, yule Mzungu wa suspenda, alikuwa anaipapasa kama mbwa wake na kusema ina akili kupita makarani wote. Baba yako alijivuna kufanya kazi na kitu chenye akili. Jumamosi moja alikuchukua ukaione. Ulirudi na kadi iliyoharibika, ukakaa mlangoni unaangalia jua kupitia matundu yake, na ulimuuliza kama mashine inatujua sisi ni nani. Alicheka sana. Alisema, "Inajua matundu tu, mama."

Halafu jimbo letu likajitenga na nchi nzima, bendera mpya ikapanda, na watu waliokuwa wanakula sahani moja wakaanza kuulizana babu zao walizikwa wapi. Baba yako ni wa Kasai, jimbo lingine, aliletwa hapa na baba yake aliyefuata kazi, akiwa mdogo kuliko wewe sasa. Mimi ni Mulamba, kabila la upande huu huu wa Kipushi. Tulipooana hakuna aliyeshangaa, isipokuwa bibi yako, aliyesema wanaume wa Kasai wanapenda kusoma mno, atanisoma hata mimi mpaka animalize. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilitaka sana kusomwa.

Siku moja mkubwa alimwambia apange kadi zote kwa tundu la mahali pa asili. Baba yako alipanga. Haraka, vizuri, kama alivyofanya kila kazi. Jioni hakugusa sahani yake ya bukari. Nilimuuliza mara tatu ndipo akasema, "Kadi zilikuwa zinaanguka, miye naangalia tu isikwame. Ya saba ilikuwa yangu."

Mashine haikusita hata kidogo. Ilimtema kikapuni pamoja na wenzake, yeye aliyeifuta vumbi kila asubuhi. Orodha ikachapwa, ikachukuliwa. Nilimuuliza inapelekwa wapi. Alisema hakuuliza, na mashine haikuuliza, basi kwa siku ile walikuwa na akili sawasawa.

Baada ya hapo alianza kutoka na kinga, baiskeli yake, kila jioni. Aliniambia anaenda Ruashi, anaenda Naviundu, kuwaandikia watu barua. Sikumwamini. Nikuambie ukweli, mwanangu, nilidhani ni mwanamke. Nilinusa mashati yake. Nilihesabu mikunjo ya suruali yake. Nilikuwa na hekima yote ya mke mwenye wivu, na yote ilikuwa inaangalia upande usio wenyewe. Yeye alikuwa amezishika zile kadi kichwani, jina na avenyu na nyumba, na alikuwa anapita kwa kila mmoja kumwambia jina lako liko kwenye orodha, chukua watoto, ondoka. Hakuniambia. Alijua napenda kusema.

Sasa Mama Kopo. Najua unampenda, na hivi sasa vidole vyake viko kichwani mwako. Ndiye aliyenifundisha kuuza unga. Siku ya kwanza sokoni alinionyesha kopo lake, akaniambia niingize mkono ndani. Chini lilikuwa limegongwa kwa nyundo, limeingia juu kama kitovu cha mtoto. "Hii njo mayele ya biashara, mudogo wangu," aliniambia. Akili, alisema, wanayo watu wa shule, na inawaacha na njaa. Mayele, ujanja wa soko, ndiyo inayojaza sufuria. Niligonga kopo langu siku ile ile. Nikaona mimi pia nimesoma.

Kuna bibi mmoja mzee alikuwa ananunua kwangu kila Jumanne. Wiki ya tatu alikuja na kopo lake mwenyewe. Nilimpimia kwa langu, yeye akamimina katika lake, akaangalia lilipofika. Aliniangalia usoni kwa muda, kama mtu anayetaka kukumbuka sura, akafunga kitambaa chake akaenda. Sijamwona tena mpaka leo. Ningependa angenitukana. Nililigonga kopo kutoka ndani lirudi, lakini bati likishaingia halirudi sawasawa, na wewe mwenyewe umelitumia kunywea maji bila kujua kwa nini lina mikunjo.

Tangu siku ile nilimwangalia Mama Kopo kwa jicho la pembeni. Kumbuka hilo, maana ndilo lililonipoteza.

Bwana Kalamu alikuja mara ya kwanza asubuhi, wewe uko shuleni. Shati jeupe, viatu vimepakwa rangi, kalamu mbili mfukoni. Alivua kofia mlangoni. Aliniita Madame. Mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kuniita Madame nikiwa na masizi mikononi. Alisema anaandika habari za familia za wafanyakazi. Alisifu kitambaa cha meza, nikamwambia nilikishona mwenyewe kule fwaye, tulipokuwa tunafundishwa kushona na Kifaransa kidogo. Akasema ndiyo, inaonekana, huyu ni mama aliyefundishwa. Nikamwekea kiti hiki hiki ninachokalia sasa.

Aliniuliza mengi madogo. Halafu akauliza, anaangalia daftari lake, "Na bwana yako, iko na intelligence na bale bantu ba kule?"

Neno lile nilikuwa nalijua. Liko kwenye buletini yako ya shule, masista wanaliandika kila mwisho wa muhula, mtoto mwenye intelligence. Nililisikia nikafurahi. Na nikuambie jambo baya zaidi: aliposema bantu ba kule, moyo wangu ulitulia. Basi huko anakokwenda ni kwa watu, nikajiambia, si kwa mwanamke, na watu wenyewe wamekwisha kusikia sifa zake. Nikajibu kwa kichwa cha juu.

"Iko nayo mingi sana. Hata beko banakuyaka hapa kumuuliza."

Aliandika. Aliuliza ni kina nani hao wanaokuja. Nikamtajia wawili niliowajua. Aliuliza kama anawapelekea barua. Nikasema ndiyo, ni yeye anaandika, wenzake hawajui kuandika kama yeye. Alimaliza chai yake, akashukuru, akasema ni nadra kukutana na mama anayejibu vizuri hivi. Nilikaa siku nzima na sentensi ile. Uliporudi kutoka shule nilikuwa naimba, na uliniuliza kuna nini, nikasema hakuna kitu.

Walimchukua baba yako siku mbili baadaye, kazini, mbele ya mashine yake. Wale wawili niliowataja pia walichukuliwa.

Mfanyakazi mwenzake aliniletea karatasi iliyogongwa muhuri. Niliisoma kwa kidole, neno kwa neno. Mengi sikuyaelewa, lakini katikati yake nililiona lile neno, intelligence, na pembeni yake avec l'ennemi. Avec nilijua, ni pamoja na. Ennemi sikuwa na hakika. Nikapumua. Kweli nilipumua, mwanangu. Nilimwambia yule mwenzake wamemchukua kwa ajili ya akili yake, huenda kuna kazi wanataka awafanyie. Aliniangalia kama alivyoniangalia yule bibi wa Jumanne. Akaondoka bila kuaga.

Nilingoja wiki moja arudi na kazi mpya. Wiki ya pili nilianza kutafuta nani amemuuza, na nilimpata haraka, maana nilikuwa namtafuta mtu mjanja. Mama Kopo. Mtu anayegonga kopo anashindwa kumgonga jirani? Niliacha kumsalimu. Alinitumia samaki kavu, nikawarudisha. Nilimwona anaongea na askari sokoni, nikajua kila kitu. Aliponiuliza kosa lake nilimwambia mbele ya wanawake wote aulize kopo lake. Aliendelea kupima unga. Na kwa miezi miwili wewe ulipita mlangoni kwake umeinamisha kichwa kwa sababu mimi nilikukataza.

Kisha ukaleta ile kamusi. Ulikuwa unaimba nayo nyumba nzima, unanisomea maneno. Ulipolala mchana, Jumapili moja, niliifungua mwenyewe. Nilitaka kuliona neno letu limekaaje kitabuni. Nilitaka kulisoma na kukumbuka sifa za baba yako.

Lina maana zaidi ya moja. Ya kwanza ni ile ya buletini, kuelewa mambo. Nikaendelea chini kwa kidole. Kuna nyingine: kupatana na mtu kwa siri. Na mfano wake umeandikwa pale pale, kupatana na adui. Nililitafuta lile ennemi. Nikafunga kitabu, nikakifungua tena, nikidhani labda nimeruka mstari.

Sikuruka mstari. Yule bwana aliniuliza kama mume wangu anapatana kwa siri na watu wa kule, nami nikasema mingi sana. Nilimwekea kiti. Nilimpa chai.

Ndiyo sababu kamusi iko ndani ya unga. Wewe unasoma kitabu kuanzia A, na ulikuwa umefika F, I haikuwa mbali.

Nilikwenda kwa Mama Kopo siku ile ile. Sikujua niseme nini, nikamwambia tu kwamba mtu aliyemuuza mume wangu nimempata, anakaa kwangu. Alielewa kabla sijamaliza. Hakunifariji. Alisema, "Na samaki yangu ulirudisha," kisha akanisogezea kigoda. Yule askari sokoni, niliambiwa siku ile, alikuwa anamwuliza habari zako na zangu, na yeye alikuwa anamjibu kwa saa nzima habari za bei ya mihogo.

Hii sasa ndiyo akili ambayo sikufundishwa popote, na sijui neno lake. Mimi nilijibu swali lililoulizwa. Yeye alisikia swali lililokuwa nyuma yake. Kumbe ana ile mayele yake ya kopo, ambayo siipendi mpaka leo, na katika mkono ule ule ana hii nyingine. Kesho ndiye atakayekuvusha. Ukiwa naye njiani, asikupimie chakula kwa kopo lake. Lakini kwenye barieri ya Kipushi, pale mpakani, shika kitenge chake na usikiachie.

Sasa nifike kwenye jambo lako. Wiki iliyopita Bwana Kalamu alirudi. Safari hii hakuvua kofia. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia, na najua ulisikia. Alisema, "Ule mutoto yako, banasema iko na akili sana. Njo yeye anamuandikiaka baba yake?"

Nami nilisema hapana, huyu ni mujinga, hajui hata kuandika jina lake, masista wameshindwa naye, namfanyisha kazi za ndani tu. Nilisema kwa sauti kubwa, nikacheka. Ulikaa siku tatu bila kuniangalia. Ulisafisha sufuria kama mtu anayezipiga. Sikukueleza, kwa sababu kukueleza hilo kungenivuta mpaka kwenye haya yote niliyoandika hapo juu, na niliogopa macho yako kuliko ya yule bwana. Basi sikiliza: ile ni mara ya kwanza katika maisha yangu kujibu vizuri. Nilikuita mujinga, na sijawahi kukusifu zaidi ya siku ile.

Ndiyo maana unaondoka kesho. Si kwamba umenichosha, kama ulivyomwambia rafiki yako. Yule akirudi mara ya tatu hatakuja kuniuliza mimi.

Kwenye barieri utakuwa mtoto wa mama mukubwa, utakuwa na jina lingine, la upande wetu, na utasema lugha yangu, ile ya bibi yako. Unaisema vizuri. Kinachonitia wasiwasi ni kimoja, na labda wewe mwenyewe hujui unakifanya. Ukiogopa, unahesabu. Unahesabu kwa midomo, polepole, na unahesabu kwa lugha ya baba yako, kama alivyokufundisha mkipanda ngazi za posta. Hata siku ile, ulipokuwa nyuma ya pazia, nilikusikia. Bwana Kalamu hakusikia kwa sababu nilikuwa nacheka. Kesho sitakuwepo kucheka. Kwa hiyo ukiona moyo unakimbia, uma mdomo wa chini, au mwulize Mama Kopo kama kumebaki mwendo mrefu. Uliza kama mtoto anayechosha. Na mtu akikuuliza kitu ukaona jibu linakuja mbio, lenye furaha, linataka kutoka lionekane, lishike kwanza. La kwangu lilikuja hivyo hivyo.

Si kwamba nataka uwe mtu wa kushuku kila mtu. Nimejaribu miezi hii, na umeona faida yake: nilimshuku mume aliyekuwa anaokoa watu, nikamshuku jirani aliyekuwa ananificha, na niliyemwekea kiti ni yule mmoja ambaye sikumshuku. Kwa hiyo sina fundisho kamili la kukupa hapa. Nina hili tu lililonipata.

Mimi nabaki. Baba yako akirudi, akute mlango wake unafunguliwa na mtu anayemjua. Watu wanaotoka kule walikofungwa wanasema wengine bado wako hai, na mmoja alisema kuna karani mrefu anayewafundisha wenzake kusoma kwa mkaa ukutani. Warefu ni wengi. Lakini kwa mkaa ukutani, huyo ni nani kama si yeye. Nangoja. Nikimwona nitamwambia mwenyewe niliyokuambia wewe, maana sitaki ayasikie kwa mwingine.

Kamusi ile niliifungua tena leo asubuhi, kabla ya kuanza kufagia. Nilirudi kwenye ule ukurasa, nikaona nilikuwa sijafika chini. Kuna maana nyingine. Watu wawili wakikaa pamoja bila kugombana, kila mmoja anamwelewa mwenzake, Wafaransa wanasema wanaishi katika intelligence njema. Neno ni lile lile. Nililisoma mara nyingi. Kama ningeulizwa sasa nataka nini kwako, ningeonyesha mstari ule kwa kidole.

Nilikusudia kuishona barua hii kwenye pindo la gauni lako, ukaisome ng'ambo. Sasa ninapoisoma tangu juu naona nimefanya tena: nimejibu kila kitu, bila hata kuulizwa. Haiwezi kupita barieri. Kamusi nayo haiwezi kupita, mtoto mujinga hatembei na kamusi. Itabaki ndani ya unga mpaka urudi, na ukurasa wa G, uliokuwa unaufuata, nitakuchungia.

Basi utaisoma hapa, leo, ukirudi na nywele zako. Mbabula ya makaa nimekwisha kuiwasha, iko karibu na mlango wa nyuma. Mimi nitakuwa nimeinama pale napuliza makaa, mgongo wangu kwako, usione uso wangu wala mimi nisione wako. Soma mpaka mwisho. Ukimaliza, kama unaweza, niletee karatasi hizi mkononi, nizitie motoni mwenyewe. Kama huwezi, zitupe wewe, toka nje ukae kidogo, na mimi sitakufuata.

Nasikia sauti yako kwenye avenyu, unabishana na mtu. Umewahi kuliko nilivyodhani.

Jina lako sikuliandika popote humu. Makaa yakishika, nitakuita kwa jina lile alilokupa baba yako, mara moja, kwa sauti ya chini. Ukiitika, tutakaa tuanze kuzoea lile lingine.

Mama yako